Mlevi wa Maonyesho Ameacha Pombe

Jumatatu, 10 Februari 2025

Kikao cha walimu. Mwalimu mkuu, Mwalimu Hermani, kaingia na uso wa mtu mwenye habari. Ijumaa ya wiki ijayo tunapata mgeni: Mama Bernadina, wa asasi moja ya Katesh inayowafundisha watoto wa shule madhara ya pombe, sigara na bangi. Kila mwalimu anayetaka aandae kitu cha kuwafundisha wanafunzi mbele yake. Atakayemfurahisha zaidi atachukuliwa Katesh, awe anazunguka na asasi katika shule za Hanang na Mbulu. Kwa gari!

Katesh. Lami. Mabasi ya Singida yanapita mlangoni. Mtu anapiga simu akiwa amekaa kwenye kiti. Siyo kama hapa kwetu juu ya Tumati, ambako mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na kichuguu chenyewe kina foleni.

Nikiwa bado nawaza lami, Madam Konsolata akanyoosha mkono. Ngonjera. Siku zote ngonjera! Siku ya mazingira, ngonjera. Siku ya kunawa mikono, ngonjera. Mkuu akafurahi. Basi nami nikasimama, nikasema mimi Agustino Margwe nitaleta kitu ambacho shule hii haijawahi kuona. Wote wakageuka. Mkuu akauliza ni kitu gani. Nikasema muda wa kukitaja bado.

Ukweli ni kwamba hata mimi sikijui.

Jumanne, 11 Februari

Nimepata! Ngonjera inasema tu kwamba ulevi ni mbaya. Mimi nitaleta mlevi mwenyewe. Mzima mzima. Asimame mbele, ayumbe, anuke, watoto wajionee. Konsolata ataweka wapi ngonjera yake?

Mlevi yupo. Tluway, fundi mwashi. Asubuhi ni fundi hodari, nusu ya nyumba za hapa kazijenga yeye. Mchana yuko kilabuni kwa Mama Lucia. Jioni anapita nyuma ya shule akiimba na kugombana na ua wa minyaa.

Nilimwahi asubuhi, kabla hajaanza. Nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa. Akauliza atatakiwa kusema nini. Nikamwambia asiseme kitu, aje tu alivyo siku zote. Akasema maishani hajawahi kupewa kazi ya namna hiyo, na siku hiyo ataanza kunywa mapema ili asiniangushe. Tukashikana mikono.

Jambo moja linanisumbua. Binti yake, Monica, yuko darasa la sita. Atakuwa amekaa pale pale mbele. Nimelitafakari njia nzima. Nikaona ameshazoea.

Jumatano, 12 Februari

Mkuu ametukumbusha kwamba mgeni atawauliza wanafunzi maswali, kwa hiyo lazima wawe wamefundishwa kweli. Kufundishwa! Wakati mimi nina mambo ya maana ya kuandaa.

Nimeingia darasa la sita bila maandalio. Nikachora ini la mtu ubaoni. Lilitoka kama kiazi kilichokanyagwa na ng'ombe. Nikasoma kitabuni kwa sauti: pombe hudhuru ini, hudhuru ubongo, huvunja familia. Watoto wakanakili. Mmoja akasinzia.

Monica akanyoosha mkono. Anauliza kama ini linaweza kupona mtu akiacha. Sikujua. Nikafungua kitabu, jasho likinitoka, nikakuta kwamba mara nyingi linaweza, akiacha mapema. Nikamwambia hivyo. Hakukaa chini. Anauliza, mapema ni lini? Watoto wa siku hizi! Nikamwambia mapema ni mapema. Leo ni mapema kuliko kesho. Kaa chini.

Chaki ikaisha. Kipindi kibovu kuliko vyote nilivyofundisha mwaka huu. Bahati nzuri mgeni hakuwepo.

Ijumaa, 14 Februari

Nimepita kilabuni kumwangalia mlevi wangu. Hayupo! Mama Lucia anasema hajamwona tangu juzi, akaniuliza mimi kama anaumwa.

Nikaenda kwake mbio. Nimemkuta anatengeneza zizi la ng'ombe. Shati limefuliwa. Akaniamkia vizuri sana, nikageuka nyuma kuona anaamkia nani.

Kumbe siku ile ile ya Jumatano, Monica alirudi nyumbani akachora ini kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Akamweleza baba yake yote. Akamwambia mwalimu kasema leo ni mapema kuliko kesho. Tluway anasema alilitazama lile ini usiku huo, na kulipokucha mkewe akamsindikiza zahanati. Daktari kamweleza namna ya kuacha, na kamtaka awe anarudi kuangaliwa. Mikono inatetemeka. Usingizi haupo. Lakini anajaribu.

Nikampa hongera. Sauti ilinitoka kama ya mtu anayetoa pole ya msiba.

Miaka yote hii nafundisha! Sijawahi kusema neno likavuka mlango wa darasa. Hukaa humo humo, watoto hulisahau, maisha huendelea. Kwa nini hili? Kwa nini wiki hii? Nikamuuliza, kwa upole, kuhusu Ijumaa ijayo. Akainamisha kichwa, akasema Mwalimu, nisamehe sana, nimekuharibia.

Kweli kabisa. Ameniharibia.

Jumapili, 16 Februari

Kanisani. Tluway kakaa benchi la mbele, mkewe Marieta pembeni yake na kitenge kipya. Baada ya misa watu walimzunguka kama bwana harusi. Katekista kamshika mkono muda mrefu. Mimi pia nilisali. Niliomba apate kiu kidogo. Kidogo tu, ya siku moja.

Nimetafuta mlevi mwingine. Mmoja kahamia tambarare ya Hanang na ng'ombe zake. Mwingine yupo na anakunywa vizuri sana, lakini ni mjumbe wa kamati ya shule, sithubutu kumwambia kwamba ni mlevi.

Madam Konsolata anasema ngonjera yake imefika ubeti wa nane. Sikumuuliza.

Jumatatu, 17 Februari

Siku mbaya.

Nilifikiri hivi: Tluway anywe kwa siku moja tu, kwa ajili ya elimu, halafu Jumamosi aendelee kuacha. Nani atadhurika? Nikanunua chupa ya bia kule mjini Dongobesh, siyo pombe ya kilabu, nimpe heshima. Nikaiweka kwenye mfuko chini ya madaftari ili tukaanze na maongezi.

Mlangoni nikamkuta Marieta. Ana mwiko wa ugali mkononi. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani. Akauliza nimebeba nini. Nikasema madaftari ya kusahihisha. Nikatingisha mfuko kidogo kuonyesha kwamba ni mwepesi. Madaftari yakalia kama chupa.

Akaingiza mkono. Akaitoa. Akaiangalia. Nilitegemea mwiko. Nilishafumba macho.

Hakunipiga. Akasema taratibu, "Mwalimu, unajua tangu wiki iliyopita Monica analala bila viatu?"

Sikuelewa. Nikamwambia ni vizuri, miguu inapumua.

"Alikuwa analala amevaa," akasema. "Ili baba yake akirudi na fujo, sisi tutoke mbio. Mtoto wangu kalala na viatu tangu darasa la pili. Sasa vipo mlangoni. Viangalie."

Nikaviangalia. Vyeusi, vya shule, kimoja hakina kamba.

Nikaaga. Nilitembea mpaka kule bondeni bila kuiwaza Katesh hata mara moja. Sijui nilikuwa nawaza nini.

Nilipopanda kilima ndipo nikakumbuka mambo mawili. La kwanza, bia yangu imebaki kwa Marieta. La pili, Marieta naye ni mjumbe wa kamati ya shule.

Jumanne, 18 Februari

Nimekula uji tu.

Nimeamua. Mlevi nitakuwa mimi! Sitakunywa hata tone. Nitaigiza. Watoto wakishashangaa vya kutosha, nasimama wima, nafuta uso, nasema: "Watoto, mnaona pombe inavyomfanya mtu?" Mgeni anasimama, anapiga makofi, Katesh.

Nimeufanya mpango huu siri kubwa. Hata mkuu hajui. Nikimwambia mkuu, Konsolata atajua, na akijua ataingiza mlevi kwenye ngonjera.

Nimefanya mazoezi chumbani. Kulia, kushoto, kulia, kujikwaa. Mbuzi wa jirani alichungulia dirishani akakimbia. Dalili nzuri.

Alhamisi, 20 Februari

Kimepungua kitu kimoja. Harufu.

Nimekwenda kwa Mama Lucia nikanunua kopo moja la pombe. Wazazi wa wanafunzi wangu wamekaa pale, wananitazama. Nikawaambia siyo ya kunywa. Wakaitikia kwa heshima kwamba wanaelewa, Mwalimu. Nikatoka nalo nje, nikamwagia koti langu mbele yao wote ili waamini. Nadhani sasa wananifikiria vibaya zaidi.

Kesho. Mungu nisaidie.

Ijumaa, 21 Februari

Naandika kwa mkono uliochubuka.

Asubuhi nilikwenda shule nikifanya mazoezi ya mwisho barabarani. Nikakutana na Marieta akitoka kukamua. Nikasimama wima, nikamwamkia, akaitikia kwa ukali, nikaendelea kuyumba.

Watoto walikaa uwanjani. Wazazi pembeni. Tluway yupo, kavaa shati jeupe, karibu na mkewe. Mama Bernadina kakaa meza kuu yenye kitambaa, chupa ya chai na sahani ya mandazi. Mkuu akasema sasa ni zamu ya Mwalimu Agustino. Mwalimu Agustino hayupo! Nilikuwa nyuma ya jengo la darasa la nne.

Nikatokea. Nikaimba. Nikagombana na mlingoti wa bendera. Watoto walicheka mpaka wakaanguka. Nilikuwa hodari! Sijawahi kuwa hodari hivyo katika jambo lolote. Nikaiendea meza kuu, nikampigia saluti Mama Bernadina, nikajikwaa kwenye jiwe ambalo halikuwa kwenye mazoezi, nikaangukia mandazi. Chai ikamwagika yote mapajani mwa mgeni. Kwa bahati ilikuwa imepoa.

Kicheko kikakatika.

Huu ndio ulikuwa wakati wa kusimama wima. Nilikuwa nasimama! Lakini mkuu na mlinzi walishanishika, huyu bega, huyu miguu. Nikapiga kelele kwamba naigiza. Mkuu akasema kwa uchungu kwamba walevi wote husema hivyo. Wakanifungia stoo pamoja na majembe.

Kupitia dirisha nikaisikia ngonjera. Beti zote. Makofi.

Halafu mtu akaja akakaa chini, nje ya mlango wa stoo. Tluway.

"Pole, Mwalimu," akasema. "Usione aibu. Mimi siku za kwanza nilidhani nakufa. Inapita."

Nikamwambia sijalewa.

"Hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo," akasema. "Twende zahanati Jumatatu. Nitakusindikiza. Leo ni mapema kuliko kesho. Maneno yako mwenyewe hayo, Mwalimu."

Alikaa pale mpaka waliponifungulia. Nilimwomba mara nyingi aondoke. Hakuondoka.

Jumatatu, 24 Februari

Kamati ya shule imeniita. Mama Bernadina kaja tena kutoka Katesh, na sketi nyingine. Nilikuwa na jasho hadi ndani ya soksi. Mwalimu akithibitika kuja shuleni amelewa, mkuu alisema, jambo linapanda juu, na likipanda juu kibarua kimeota nyasi.

Ushahidi: koti, wamelinusa wote kwa zamu. Wazazi waliokuwa kilabuni. Na chupa ya bia, Marieta kaja nayo, kaiweka katikati ya meza.

Nikaeleza kwamba yale yalikuwa maigizo. Mama Bernadina akasukuma kiti chake nyuma. Akasema, basi igiza tena. Hapa hapa.

Nikasimama. Miguu ikakataa. Nilitaka kuyumba, nikatembea kama askari wa gwaride. Nilitaka kuimba, sauti ikatoka kama ninasoma matangazo ya kanisani. Nilitaka kuanguka, nikajikuta nimekifuta kiti vumbi kwanza, nikakaa. Nikaomba radhi.

Yule mjumbe, yule ambaye mimi najua anavyokunywa, akasema mtu huyu hana uwezo wowote wa kuigiza mlevi. Kwa hiyo ya Ijumaa yalikuwa ya kweli. Wengine wakatikisa vichwa. Mkuu akafumba macho. Nikamwona mama yangu kijijini akiambiwa.

Marieta akaomba kusema.

Akasema kwanza kabisa chupa hii haijafunguliwa, kila mtu aangalie kizibo. Akasema niliileta kwake, nimpe mume wake. Watu wakaguna. Akasema hasira hiyo anayo bado, na ataendelea kuwa nayo. Lakini Ijumaa asubuhi alinikuta barabarani. Nilimwamkia vizuri, macho makavu, mdomo haunuki, koti tu ndilo linalonuka. Nilipompita nikaanza kuyumba peke yangu, nikijihesabia, kulia, kushoto, kulia.

"Huyu hakulewa," akasema. "Huyu ni mjinga tu."

Hakuna aliyepinga. Hata mmoja. Mkuu akafungua macho, uso ukamrudi. Kamati ikakubaliana: siyo mlevi, ni mjinga. Sijawahi kuyafurahia maneno kama hayo. Nikachukua koti langu, nikalivaa ndani nje.

Halafu Marieta akaongeza kwamba ni huyu huyu mjinga aliyemfundisha Monica lile somo la ini, na kwamba mumewe leo yuko kazini anapiga ripu ukutani, na mikono imetulia. Mama Bernadina akashtuka. Akaniuliza nilitumia mbinu gani. Nilijaribu kukumbuka somo lenyewe. Nikasema mbinu shirikishi.

Akauliza huyo Tluway anapatikana wapi.

Jumatano, 26 Februari

Wameondoka. Gari la asasi lilikuja asubuhi. Madam Konsolata anakwenda Katesh na ngonjera yake. Na Tluway anakwenda pamoja naye, kuwaeleza watoto mwenyewe, kwa wiki kadhaa. Mama Bernadina kasema zahanati ya kule imeshaambiwa habari zake. Fundi mwashi anakwenda Katesh! Mimi nimebeba mizigo yao mpaka kwenye gari.

Monica alikuja kumuaga baba yake. Hakulia. Alimfunga kifungo cha shati cha juu, akamwambia ajitahidi kula.

Tluway akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema hatasahau nilichomfanyia. Nikamwambia si kitu. Nikamwomba, kama ikitokea nafasi, anitaje taje kwa Mama Bernadina. Akasema ameshanitaja mara mbili, ila mama huyo hubadilisha mazungumzo.

Gari likateremka kuelekea Dongobesh. Nikafuta macho. Vumbi, bila shaka.

Mchana mkuu akaniita. Nikajua ndiyo barua sasa. Kumbe asasi itarudi mwezi ujao, safari hii kwa tumbaku, na watahitaji mwalimu mwingine mmoja. Mkuu akasema ananipa nafasi ya pili, kwa sababu Konsolata hayupo na wengine wamekataa. Akaniomba jambo moja tu: nifundishe. Nisimame ubaoni, nifundishe, basi. Kama nilivyofanya kwa Monica.

Nikamwahidi kwa moyo wangu wote.

Ijumaa, 28 Februari

Nimempata!

Mzee Sulle, anayekaa kule ng'ambo ya mto. Ana kiko tangu ujana. Kikohozi chake kinasikika kabla hujafika kwake, kirefu, cha kuogofya, kinafaa sana. Nimempa shikamoo mara mbili. Amekubali kuja kukohoa mbele ya mgeni, mradi apewe kiti.

Safari hii sifanyi makosa. Nimeuliza vizuri kuhusu familia. Ana wajukuu wawili, mmoja darasa la tano, mmoja la sita, na wanampenda mno babu yao. Hatari kubwa! Jumatatu naanza kufundisha madhara ya tumbaku, kama nilivyoahidi.

Kipindi kikianza, hao wawili nitawatuma maji.